Kutafuta Mtandao Kambini Kilimanjaro

Kambi ya Barranco, katika njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro, iko zaidi ya mita 3,900 juu ya usawa wa bahari, na wengi hufika pale wakitarajia mtandao kwa kuwa wameshapanda mno. Lakini kambi yenyewe imekaa bondeni, chini ya ukuta wa mwamba ambao wapandaji huuparamia asubuhi yake. Mawimbi ya simu hayapenyi mwamba wa namna hiyo. Simu ya laki moja na ya milioni tatu zitahangaika vilevile.

Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 800 au 900, hupinda ukingoni mwa kilima vizuri zaidi kuliko yale ya 1800 au 2100. Ndiyo maana 2G, ambayo mara nyingi hurushwa kwenye 900, hushika mahali ambapo 4G imeshatoweka. Ingia kwenye mipangilio, chagua 2G, kisha tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Herufi 160 hupita katika sekunde chache za mtandao. Mazungumzo yanataka usikatike kabisa.

Halafu kuna suala la pa kusimama, na hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima. Ukiwa chini kabisa ya kilima kilichokukinga na mnara, uko katikati ya kivuli chake. Rudi nyuma, mbali na kilima, maana mawimbi yaliyopinda juu ya ukingo hutua huko. Ukishapata dalili, sogea kidogo kidogo. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na linapogonga mawe na kurudi, kuna sehemu linakutana na lenzake na kuongezeana nguvu, na sehemu nyingine yanafutana. Hatua moja, hata nusu hatua, inaweza kuwa tofauti kati ya ujumbe uliofika na uliokwama. Subiri kidogo kila unaposimama, kwa sababu simu huchelewa kuonyesha mabadiliko. Usitegemee sana vile vistari vya juu ya kioo. Kila mtengenezaji huvipanga anavyotaka. Simu nyingi zina sehemu inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba, na ikitoka −110 kwenda −100, nguvu imeongezeka mara kumi.

Kupanda juu husaidia kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyesimama kwenye tambarare huona upeo wa kilomita 4 na ushei. Juu ya kilima cha mita 100 huona karibu kilomita 36. Ila kuna mambo mawili yanayowashangaza wapandaji. Antena za minara huinamishwa kidogo chini, zikilenga watu wa vijijini na mijini, si vileleni. Tena mnara wa kawaida wa 2G hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanasikika vizuri, kwa kuwa majibu ya simu hiyo huchelewa kuufikia. Kwa hiyo dawa ya kweli ya mlima ni mitambo iliyo mlimani. Agosti 2022 shirika la mawasiliano la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, mita 3,720, kwenye njia ya Marangu, na nadhani ni kazi iliyostahili kufanywa mapema zaidi, kwa ajili ya wapagazi kuliko hata wageni.

Chaji nayo ilindwe. Simu inayotafuta mnara wa mbali hupandisha nguvu ya kurusha, na baridi ya usiku huidhoofisha betri. Izimie mtandao, ilaze nawe ndani ya begi la kulalia, na mkubaliane na nyumbani saa ya kuwasiliana. Kama data inashika juu ya mwamba tu, weka simu moja huko ikigawa intaneti, nawe utumie nyingine chini yake. Vifaa vya kukuza mawimbi achana navyo: vinahitaji kuidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na kibovu huvuruga mtandao wa wengine.

Kwa dharura, piga 112. Simu itajaribu mtandao wowote uliopo, hata usio wa laini yako. Pasipo na mnara wowote, namba hiyo haiendi kokote. Kwa hiyo kabla hujailipa kampuni ya kukupandisha, uliza kama kiongozi hubeba redio au simu ya setilaiti, na nani huipokea upande wa pili saa nane za usiku.