DARASA LA CHUO KWA MIEZI MICHACHE

Haraka haraka haina baraka, walisema wazee wetu. Je, ndugu msomaji, darasa lililosimama kwa miezi michache laweza kuwa imara? Laweza, kama haraka hiyo imetokana na maandalizi. Tuone inavyowezekana.

Mwaka 1970 Tanzania ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam. Leo vyuo vikuu vipo vingi, hata Mbeya vipo. Vijana wetu wa Lufingo nao wanakwenda huko. Lakini kijana hangoji jengo. Chuo kikifunguliwa, anafika na begi lake. Kama darasa halitoshi, atamsikiliza mwalimu akiwa amesimama dirishani.

Katika ujenzi tuliouzoea, kazi moja inangoja nyingine. Kwanza msingi, halafu kuta, halafu paa. Huku kwetu Rungwe mvua nayo ina neno lake. Nani hajaona matofali mabichi yaliyofunikwa kwa majani ya migomba yakilowa na kuwa tope tena?

Sasa mtazame fundi cherehani mwenye kazi ya sare za shule. Hashoni shati moja mpaka liishe ndipo akate la pili. Anakata mikono yote, kola zote, kisha anaunga. Kipimo ni kimoja, kwa hiyo kazi inakwenda mbio.

Madarasa ya vipande hujengwa hivyo hivyo. Kiwandani wanatengeneza kuta, sakafu na paa kwa kipimo kimoja. Pengine wanatengeneza chumba kizima kama kontena, chenye milango, madirisha na nyaya za umeme. Wakati huo huo, kule chuoni watu wengine wanajenga msingi. Kazi mbili zinakwenda pamoja. Tena kiwandani mvua haizuii kazi. Msingi ukikomaa, vipande huletwa kwa lori, huinuliwa kwa kreni na kuunganishwa kwa bolti.

Njia hii siyo ngeni kabisa kwetu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Mataruma yake ya zege yalifyatuliwa kwanza kwa kipimo kimoja, ndipo yakapelekwa kutandikwa njiani.

Mfano mwingine ni mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rais Magufuli aliyaahidi Juni 2016, akayafungua Aprili 2017. Ni majengo 20 ya ghorofa, ya wanafunzi 3,840. Hayakuletwa yakiwa vyumba vilivyokamilika kiwandani. Lakini ramani ilikuwa moja, ikarudiwa mara 20. Fundi aliyejifunza jengo la kwanza hakuhitaji kufundishwa la pili.

Wala usidhani kwamba haraka haina hatari. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza ni msingi. Zege lapasa kumwagiwa maji angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Siku hizo haziibiwi.

Pili ni maungio. Maji yakipenya hapo, jengo linaanza kuharibika. Tena zege hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, ndiyo maana majengo marefu huachiwa mianya ya makusudi. Desemba 2017 watu waliona mistari katika kuta za yale mabweni, wakasema ni nyufa. Wakala wa Majengo ulieleza kuwa ni mianya ya kutanukia. Mwanya wa makusudi umenyooka toka chini hadi juu. Ufa huenda utakavyo. Ukiona mstari ukutani, mwite mtaalamu auangalie.

Tatu ni barabara. Chumba kizima ni kizito. Katika vilima na matope yetu, lori na kreni vitakwama. Huku kwetu vipande vidogo ndivyo vinavyofaa.

Basi, tunajifunza nini sisi wa Lufingo? Tukijenga darasa la shule yetu, tusingoje. Tuchague kipimo kimoja cha milango na madirisha. Wakati msingi unakomaa, seremala aunge kenchi chini ya kibanda. Tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine, hazihitaji kuni wala tanuru. Lakini udongo upimwe kwanza na mtaalamu, kwa maana siyo kila udongo unafaa. Kazi ya nje tuimalize kabla ya mvua za Novemba.

Haraka isiyo na baraka ni ile ya kuruka hatua. Kupanga hatua mbili ziende pamoja siyo kuruka. Huko ni kutumia akili, na mtoto wetu atapata mahali pa kukaa.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini kazi ya kiwandani na kazi ya msingi zaweza kwenda pamoja?
2. Mwanya wa makusudi na ufa vinatofautianaje?
3. Katika ujenzi wa kijiji chetu, ni kazi gani tungeweza kuianza mapema?