Rauta Iliyohama Bila Kuaga

Kilichonishika katika chumba kile, ghorofa ya juu karibu na barabara ya Kenyatta, Nakuru, ni rafu tupu. Vumbi lilikuwa limeacha alama nne za mstatili palipokaa rauta. Zenyewe hazikuwepo, na bado wateja wa Kiamunyi na Lanet walikuwa wanatazama mpira kwenye simu zao.

Ziko humu, fundi anayewauzia intaneti akaniambia, akigonga seva ya kijivu aliyoinunua mtumba. Programu iitwayo haipavaiza huigawa mashine moja ikawa kadhaa, kila moja ikijiona iko peke yake. Humo ndani mna rauta, kinga ya mtandao na programu inayohesabu vifurushi.

Kisha akanionyesha kitu ambacho hakijanitoka akilini. Alikuwa na seva mbili. Kwenye skrini, kompyuta iliiuliza rauta kila sekunde: upo? Nipo, ikajibu. Akaamuru ihame. Kumbukumbu yake ikaanza kunakiliwa kwenye seva ya pili huku yenyewe ikichapa kazi. Kilichobadilika kikanakiliwa tena, na tena, mpaka mabaki yakawa haba. Hapo ikasimamishwa kitambo kidogo, ikaamkia upande wa pili. Papo hapo ukatoka ujumbe mfupi kwenda kwa swichi: anwani hii sasa iko mlango huu. Usipotoka ujumbe huo, swichi hubaki ikipeleka barua kwenye nyumba iliyohamwa. Katika maswali yote ya “upo?”, moja tu halikujibiwa. Nilimwomba arudie, akarudia.

Fundi mwenyewe hana majivuno. Zamani rauta ikiungua, asema, mtaa mmoja ulilala gizani. Leo seva ikizima inaondoka na mitaa yote. Na kuhama kunataka seva zote mbili ziwe hai. Anaukumbuka usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima: betri zikiisha, hakuna pa kuhamia.

Na umeme wenyewe hauko mbali: Olkaria iko katika kaunti hii hii, na mvuke wake wa ardhini unazalisha umeme tangu 1981. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa dola bilioni 1, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data huko. Je, fundi wa Nakuru atapata kona ya kuweka rauta yake? Nilimuuliza. Akanyamaza.

Zile rauta nne hajaziuza. Ziko kwenye katoni chini ya meza, na mipangilio yote imo, zinangoja kuchomekwa tu.