Hifadhi ya Reli: Neno na Urithi katika Buguruni

Makala haya yanachunguza neno moja, hifadhi, kama litumikavyo kandokando ya Reli ya Kati katika Buguruni, Dar es Salaam. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Leo inapita katikati ya makazi yaliyosongamana, na reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Kwa hiyo suala la kuitunza reli kongwe si la kinadharia tu.

Mwanahistoria anaposema reli ihifadhiwe, anakusudia kutunza urithi: stesheni, madaraja, mabehewa. Mkazi wa Buguruni asikiapo "hifadhi ya reli" huelewa jambo jingine kabisa, yaani ukanda wa ardhi usioruhusiwa makazi, na alama ya X iliyopakwa rangi nyekundu ukutani. Matumizi yote mawili ni sahihi, na shina lake ni moja, lenye asili ya Kiarabu. Katika la kwanza, kitu kinalindwa kisipotee. Katika la pili, njia inalindwa dhidi ya watu. Ndiyo maana mwito wa kuhifadhi, usipofafanuliwa, hupokewa kama tishio la kubomolewa nyumba.

Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Majengo ya reli, kwa kuzaliwa baadaye, hayana budi kungoja tamko la Waziri.

Upo, hata hivyo, urithi usiogombea ardhi na mtu. Wajerumani walijenga reli, lakini msamiati wake haukuwa wao. Reli, treni na stesheni yametoka katika Kiingereza. Behewa lilikuwa ua wa ndani wa nyumba ya pwani. Taruma lilikuwa mti wa kuimarishia chombo cha baharini kabla halijawa chuma cha kulalia reli. Jirani na Buguruni pako Tabata Relini, ambapo kiambishi -ni kimeifanya njia ya chuma kuwa anwani ya watu. Msamiati huu haujakusanywa ipasavyo, na wenye kuujua vema ni wafanyakazi wastaafu wa reli. Waanze kuhojiwa hao. Na katika mikutano na wakazi, napendekeza tuseme kutunza, hifadhi tuiache kwa wapima ardhi.