Unga wa Ua na Ukoo wa Mimea

Mkulima akigusa ua la mpamba huona unga umemshika kidoleni. Unga huo ndio chavua. Ukitazamwa kwa hadubini, kila chembe yake ni kama tufe dogo lenye miiba pande zote na matundu mengi. Tazama na chavua ya bamia: miiba ile ile. Kwa alama hii, pamoja na nyingine za ua na tunda, wataalamu huweka pamba, bamia na choya katika ukoo mmoja. Chavua ya mahindi ni laini, ina kitundu kimoja tu, sawasawa na ya mtama, mpunga na muwa, kwa kuwa yote ni jamaa ya nyasi. Walakini miiba peke yake si ushahidi wa kutosha: chavua ya boga nayo ina miiba, na boga si ndugu wa pamba.

Ujamaa huu wakuhusu, ewe mkulima. Kangambili, mdudu mwekundu aitiaye pamba madoa, hufyonza pia mbegu za bamia. Basi ung'oapo mipamba ya zamani na kuichoma, usiiache mibamia mikuukuu kando ya shamba, maana humo ndimo watakamoungojea msimu ujao.