Brahma: Nyuso Nne, na ule wa Tano Ulikwenda Wapi?

Ndugu msikilizaji, mtu aonaye kwa mara ya kwanza sanamu ya mungu mwenye nyuso nne huweza kushtuka, au hata kucheka. Lakini kwa Wahindu sanamu ile ni kama kitabu, na asiyejua kusoma hana haki ya kukibeza. Leo tumtazame Brahma, muumba, anayetajwa pamoja na Vishnu mlinzi na Shiva mwangamizi.

Nyuso hizo zilitoka wapi? Masimulizi ya kale yaitwayo Purana yanaeleza kwamba Brahma alimuumba mwanamke, Shatarupa, kutoka katika mwili wake mwenyewe, kisha akatekwa na uzuri wake. Mwanamke alipohamia kulia, uso ukachomoza kulia. Alipokwenda nyuma, ukachomoza mwingine. Kushoto, vivyo hivyo. Aliporuka juu, ukatokea wa tano utosini.

Huo wa tano haupo tena. Shiva aliukata. Wapo wasimuliao kuwa kosa lilikuwa ile tamaa. Wengine husema ni majivuno, kwani Brahma alidai hakuna aliye mkuu kuliko yeye. Na mkataji naye hakusalimika: fuvu lilimganda mkononi, akatangatanga nalo kama mwombaji hadi alipofika Varanasi, kando ya mto Ganges, ndipo likambanduka.

Je, nyuso nne zilizobaki zina maana gani? Ni pande nne za dunia, ambazo muumba huziona zote kwa pamoja. Ni vitabu vinne vitakatifu vya Veda pia, vinavyosemwa kuwa vilitoka vinywani mwake. Mikononi kwa kawaida hana silaha: ana tasbihi, kitabu, chombo cha maji na ua la yungiyungi.

La ajabu ni kwamba muumba huyu ana mahekalu machache mno nchini India. Lililo mashuhuri liko Pushkar, jimboni Rajasthan. Husimuliwa kwamba mkewe, Savitri, alichelewa kufika kwenye tambiko, Brahma akaoa mwingine papo hapo. Savitri alipofika na kuyaona hayo, akamlaani asiabudiwe kwingineko. Kinyume chake, huko Bangkok, Thailand, sanamu yake huzungukwa kila siku na waumini, nao huacha ubani na maua mbele ya kila uso.

Basi, ndugu msikilizaji, wanaodhani masimulizi haya humsifu tu mwenye enzi wayasikilize tena. Aliyeumba vyote alikatwa kichwa kwa kosa lake, na akanyimwa mahekalu kwa kumdhulumu mkewe. Ni wakubwa wangapi duniani ambao watu wao huthubutu kuwasimulia hivyo, mbele ya watoto, kizazi baada ya kizazi?