Kolwezi: mtaa uliozaliwa na mgodi, mgodi sasa unautafuta

Katika miji mingi ya madini, shimo liko mbali na nyumba za watu. Kolwezi si hivyo. Machimbo ya COMMUS yamesogea mpaka ukingoni mwa Cité Gécamines, mtaa wa watu zaidi ya 39 000, na familia nyingi zimekwisha kuhama.

Mambo hayo yalianza zamani. Mwaka 1937, Union Minière du Haut-Katanga ilianzisha Kolwezi kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Kila mtu alipewa mahali pake kwa desturi ya koloni: wazungu upande wao, wafanyakazi weusi katika kambi za kompani, na wale wasio wa kompani, wachuuzi na mafundi, katika cité ya Manika. Leo Manika na Dilala ndizo komini mbili za mji.

Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa imeamua mfanyakazi akae na mke na watoto. Kompani ikatoa nyumba, posho, shule na hospitali. Watu wakaizoea kama mzazi. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliwaita wana wa kambi hizo, katika kitabu chake cha mwaka 2001, "Bana Shaba" walioachwa na baba yao.

Baba huyo alibadili jina baada ya Mobutu kutaifisha migodi mwaka 1967, akawa Gécamines. Vita vya mwezi wa tano 1978 vilipita, na Manika ikaona mapigano. Lakini kilichouvunja mji kilikuja polepole zaidi. Mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wengine wakiondoka kwa treni na mizigo michache. Shaba ya Gécamines, iliyopita tani 400 000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufika 20 000 mwaka 2003. Ndipo wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaondoka kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Kwa wengi, kilichobaki cha utumishi wote ni nyumba.

Na chini ya nyumba kuna madini. Mwaka 2014, mtaa wa Kasulo ulijulikana baada ya kobalti kupatikana ndani ya parseli. Watu wakachimba uani, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilihamisha sehemu ya wakaaji na kuikabidhi kwa kompani ya Kichina, Congo Dongfang Mining. Watafiti wa Lubumbashi na Leuven walikuta, katika kazi yao ya mwaka 2018, kobalti nyingi zaidi katika mkojo wa watu wa Kasulo, na watoto ndio waliozidi wote.

Cité Gécamines haikuchimbwa na wakaaji wake. COMMUS, ambayo Zijin ya China ina hisa 72 kwa mia na Gécamines 28, ilifungua upya mgodi mwaka 2015. Mwezi wa tisa 2023, Amnesty International na shirika la IBGDH la Kolwezi lilitoa ripoti: watu wamelipwa fidia isiyotosha kununua nyumba inayofanana na ile waliyoacha. Kompani ilijibu kwamba inataka kuboresha mawasiliano na wanaohusika. 

Hapa sheria inabana. Ardhi na vilivyomo ni mali ya taifa, hivyo hati ya nyumba haimpi mwenyewe kilicho chini. Lakini kanuni za madini za mwaka 2018, katika kiambatisho cha XVIII, zinaeleza jinsi ya kuwafidia na kuwahamisha wakaaji. Wengi waliohama wametafuta nafuu pembezoni mwa mji, na wapo wanaochota maji kisimani baada ya miaka mingi ya bomba uani.