SIMU NA MIKUTANO INAYOJIENDESHA: AMRI INAANDIKWA NA NANI?

Katika ofisi nyingi za viwanda na mashamba makubwa siku hizi, simu ya kazi haikai tena peke yake mezani. Imeungwa na kompyuta, na kompyuta imeungwa na mikutano ya video. Katikati yao umewekwa mtambo usioonekana, unaobeba habari kutoka huku kwenda kule. Simu ikipigwa, mtambo unaandika. Mkutano ukimalizika, mtambo unapeleka taarifa. Hakuna karani aliyeshika kalamu.

Mfanyakazi wa kiwandani au mchuma chai aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya mabwana wa ofisini tu. Sivyo. Habari zinazobebwa humo ni habari zake: nani alipiga simu, nani hakupokea, nani alichelewa kikao. Kwa hiyo yatupasa tuuelewe mtambo huu kabla hatujakaa mezani na mwajiri kuuzungumzia.

Jinsi unavyofanya kazi

Msingi wake ni sentensi moja: "Likitokea hili, fanya lile." Jambo la kwanza ni kichocheo, la pili ni tendo. Kampuni ya Zapier ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2011, ni mojawapo ya zilizoueneza utaratibu huu. Microsoft nayo ilileta wa kwake mwaka 2016, na mwaka 2019 ikaupa jina la Power Automate. Mtumiaji hahitaji kuwa fundi wa kutunga programu. Anachagua tu kwenye kioo cha kompyuta: upande huu programu ya simu, kwa mfano RingCentral, upande ule programu ya mikutano, kwa mfano Zoom, kisha anaeleza kipi kifuate kipi.

Tuseme mtu amepiga simu ofisini na haikupokelewa. Hicho ndicho kichocheo. Mtambo unachukua namba yake na saa aliyopiga, unaviandika katika orodha, unapanga mkutano wa Zoom kwa kesho yake, kisha unampelekea mtu huyo ujumbe wenye anwani ya kuingilia mkutanoni. Kazi ya karani ya nusu saa imekwisha kabla chai haijapoa.

Baadhi ya programu hutoa habari papo hapo jambo linapotokea. Nyingine hukaa kimya mpaka mtambo uende kuziuliza, kila baada ya dakika kadhaa. Ndiyo sababu taarifa moja hufika mara moja na nyingine huchelewa. Tena, Zapier huhesabu kila tendo lililotimizwa. Mwenye matendo mengi hulipa zaidi.

Faida kwa tawi

Tusiukatae mtambo kwa sababu mwajiri anautumia. Jembe halina kosa. Tunauliza nani ameshika mpini. Katibu wa tawi ambaye wanachama wake wametawanyika katika mashamba manne, wengine zamu ya mchana na wengine ya usiku, hawezi kupokea kila simu. Simu iliyopigwa saa 8 usiku husahauliwa kukicha. Kwa kanuni moja tu, kila simu isiyopokelewa inakuwa mstari katika daftari la tawi, pamoja na tarehe na saa. Mwanachama hataambiwa tena kwamba hakupiga. Na ikibishaniwa ni lini tawi lilipata habari ya ajali au ya kufukuzwa kazi, tarehe ipo.

Mikutano ya video nayo huwaokolea wawakilishi nauli ya basi. Lakini wajue kwamba mkutano wa Zoom usiolipiwa hukatika baada ya dakika 40. Ajenda iwe fupi, na mwenyekiti awe mkali.

Makosa matatu ya kuepuka

La kwanza ni saa. Mitambo mingi huhesabu kwa saa za Greenwich isipoelekezwa vingine, na saa za Uganda, Kenya na Tanzania zimetangulia kwa saa 3. Katibu akiandika 8:00 akikusudia saa 2 asubuhi, mkutano waweza kupangwa saa 5 asubuhi, wakati zamu ingali kazini. Tena mwanachama akiletewa ujumbe unaosema 8:00, huenda akaja saa 8 mchana. Na saa 2 asubuhi ya Kampala ni saa 1 asubuhi ya Kigali na Bujumbura. Ujumbe wa tawi uandikwe kwa maneno: "saa mbili asubuhi, saa za Uganda."

La pili ni namba. Namba inayoanza na sifuri na ile ile inayoanza na +256 ni ya mtu mmodi kwetu, lakini kwa mtambo waweza kuwa watu wawili. Namba zote ziandikwe kwa alama ya nchi, na sifuri ya mwanzo iondolewe: +256 kwa Uganda, +254 kwa Kenya, +255 kwa Tanzania, +250 kwa Rwanda, +257 kwa Burundi, +243 kwa Kongo.

La tatu ndilo kubwa: mtambo haujui sababu. Unajua kwamba simu haikupokelewa. Haujui kwamba mchumaji alikuwa bondeni pasipo na mtandao, wala kwamba sheria ya kiwanda yenyewe inakataza simu karibu na mashine.

Mtambo ukishikwa na mwajiri

Hapo ndipo hatari ilipo. Hebu tufikiri mwajiri ameandika kanuni hii: "Asiyepokea simu ya mnyapara mara tatu, aandikiwe kosa." Barua ya onyo itatoka yenyewe, na mfanyakazi akienda ofisini kulalamika ataambiwa: "Si sisi, ni kompyuta." Jibu hilo tusilikubali. Kompyuta haikutunga amri. Aliyeitunga ni mtu mwenye jina na cheo, na huyo ndiye wa kujibu.

Jambo hili limekwisha kufika mahakamani kwingineko. Mwezi Aprili 2023, Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam iliamua mashauri ya madereva wa Uber waliofungiwa kazi. Katika baadhi ya mashauri hayo iliona kwamba uamuzi ulifanywa na mtambo, na kwamba mkono wa binadamu haukuzidi sana kuwa ishara tu. Madereva hao walisimama kwa msaada wa chama chao.

Kwetu pia sheria zipo. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Uganda inampa mtu haki ya kumwandikia mwenye kutunza habari zake, akimtaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mtambo peke yake. Lakini sheria iliyolala kabatini haimlindi mtu. Huamshwa na barua ya mfanyakazi na sauti ya chama.

Mambo ya kudai mezani

Katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, wawakilishi wadai haya:

1. Mwajiri aonyeshe kwa maandishi kila kanuni ya mtambo inayogusa wafanyakazi.
2. Onyo, kukatwa mshahara au kufukuzwa kusitoke bila mtu kusikiliza na kutia sahihi.
3. Mfanyakazi aone kumbukumbu zake na kusahihisha zilizokosewa.
4. Simu na mikutano ya chama isirekodiwe wala kupita katika mtambo wa kampuni.
5. Ijulikane kumbukumbu zitatunzwa muda gani, na nani aruhusiwe kuzisoma.

Madai haya si upendeleo. Mkataba namba 135 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, unasema wawakilishi wa wafanyakazi wapewe nyenzo za kufanya kazi yao upesi na vizuri.

Nasi tujichunge wenyewe. Mtambo wa tawi ubebe namba na saa tu; malalamiko yenyewe yasikilizwe kwa mdomo na kuandikwa katika daftari linalofungiwa. Akaunti iwe ya tawi, si ya mtu mmoja, kwa maana katibu akiondoka na neno lake la siri, kazi yote itasimama. Na asiye na simu ya intaneti asiachwe nyuma: mwakilishi wa safu yake amfikie kwa miguu, kama ilivyokuwa tangu zamani.

Ndugu wafanyakazi, katika mkutano ujao wa tawi ulizeni swali moja: je, kwenye kazi yetu kuna mtambo wa namna hii, na amri zake ziliandikwa na nani? Jibu likikosekana, hilo liwe dai la kwanza. Umoja ni nguvu!